Mkia wa Kamani

Mvua ya alfajiri imepita Kibokoni bila salamu,
imeacha uani dimbwi moja, upana wa sinia,
na juu ya dimbwi, jivu.
Nani kamwaga jivu? nauliza,
na mwenye jiko ni mimi.
Nikachovya kidole.
Jivu likaruka.

Bi Thuweba, dirisha la juu, keshahukumu:
"Viroboto hao! Paka wako huyo, nilikwambia."
Nyawa, bomba la dawa mgongoni, asema ni utitiri,
mia tatu tu, apiga mara moja, hawarudi.
Mishi wa dada yangu, miaka minane, hajui kuogopa,
asema ni nukta,
zimetoroka daftarini.

Nikasema ngojeni.

Ndani, kwenye mkebe wa biskuti, chini ya risiti
za watu waliokufa kabla ya kuja kuchukua saa zao,
kimo kioo cha jicho cha marehemu baba.
Ukingo umelika; miaka arobaini uliumana na uso wake.
Ukikivaa, wavaa na mkunjo wa paji lake.
Nikapiga magoti juu ya gunia la makaa,
kichwa chini, kitako juu
("Kibla hakiko huko!" Bi Thuweba),
nikabana pumzi kama alivyonifunza:
pumzi ni kusi, na sukurubu haina mizizi.

Kwanza miguu. Hesabu. Sita.
Utitiri umetoka, utitiri una minane.
Nyawa, tua bomba.
Kisha ubavu: kiroboto kabanwa huku na huku
kama barua iliyopitishwa chini ya mlango;
huyu kanenepa polepole, laini, punje ya mchele iliyolowa.
Mabawa hana, wala dalili ya kuwahi kuwa nayo.
Vipapasio viwili vyatafuta
kama mtu atafutaye swichi stima ikikatika.
Na chini ya tumbo (tulia, bwana, tulia)
kitu kimekunjwa,
uma wa meno mawili,
umeshikwa na kishikizo kidogo kuliko neno kidogo.

Fya.

Sikumwona akiruka. Niliona alipokuwa.

Si miguu; miguu ilikuwa imepumzika.
Ni mkia uliofyatuka.
Nikacheka peke yangu hadi kioo kikaingia ukungu,
kwani kitu hicho nakijua.
Nimekitafuta utotoni, tumbo chini, sakafuni mwa duka,
kamani imemponyoka baba,
naye, mtu wa swala tano, ameza tusi:
Wewe una macho, mwanangu, tazama ilikokwenda.

Pembeni mwa dimbwi wako wengine,
duara, zambarau, wamejikunyata,
nyuso za watu walioamshwa kabla ya daku.
Nao pia: fya.

"Haya, waitwaje?" Bi Thuweba, amekwisha shuka, kanga begani.
Nikakosa.
Lugha yetu hii, inayoijua nazi kwa kila umri wake,
kidaka, kitale, dafu, koroma,
kwa hawa imenyamaza.
Hawaumi. Hawanyonyi. Wala ukungu na majani yaliyooza,
wafagia tusikofagia.
Labda ndiyo sababu: asiyeuma haitwi.

"Mkia-kamani," Mishi akasema,
akaandika, kamani kwa n mbili, sikumsahihisha.
Bi Thuweba akasema jina refu kwa mdudu mfupi,
lakini alilitamka mara mbili, akilionja.

Nyawa alikiomba kioo.
Alikaa pale muda, bomba limelala ubavuni,
na alipoinuka hakudai mia tatu yake.
Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama wako pia Mshomoroni.
Wako, nikasema. Tazama penye unyevu.

Adhuhuri dimbwi limekauka.
Muuza mahamri aniuliza jicho lina nini;
kumbe bado nimekivaa.
Nikainua chungu cha mrehani kidogo, upande mmoja.
Wamehamia huko, wote, jivu lenye shughuli.
Nikakirudisha taratibu,
kama mfuniko wa saa
ya mtu aliyesema atarudi.